Kondoo Uliyenificha

Rashidi, ndugu yangu,

Leo umenitesa. Tangu nitoke zamu ya asubuhi sijatulia. Nimechemsha chai ikapoa, nikachemsha nyingine nayo ikapoa. Nimetoka hadi dukani hapa Muaither, nikafika mlangoni nimesahau nilifuata nini. Wale Waganda wa chumba cha pili wameniuliza kama naumwa. Nimewaambia siumwi, nimeudhiwa na marehemu.

Ndiyo, wewe. Umepumzika zako, mimi huku nahangaika na kondoo wako.

Dada yako Mwanaidi alinipigia simu juzi. Anasema tangu tulipokuzika hapa Doha, mama amekuwa akilia kwamba hakukuona, hakukugusa, basi angalau asikie sauti yako. Mwanaidi, kwa nia njema kabisa, akamwekea ule utenzi uliomrekodia yeye Mwanaidi kabla hujaugua. Sauti yako mwenyewe, ile ya puani:

Mwanakondoo mweupe,
nishike usinitupe,
nyikani nisiogope,
kwa mchungaji nifike.

Mama akasema zima hiyo. Akauliza, "Mwanangu alibatizwa huko?" Nani kwenu angejua? Tangu hapo chakula hakimpiti, na ameagiza arobaini yako isisomwe mpaka apate jibu. Wajomba nao wanasema ulikuwa unakaa chumba kimoja na Mkristo wa Kitale. Huyo Mkristo ni mimi, buda.

Si nilikwambia? Aki Rashidi, si nilikwambia!

Tulikuwa lindoni pale The Pearl, kwenye majumba ya matajiri, tunautazama ule ukoka unavyonyweshwa maji huku midomo yetu imekauka. Wewe ulisoma fasihi ya Kiingereza mpaka kidato cha sita, na kichwa chako kilijaa zile tungo za Waingereza wa zamani waliochoshwa na moshi wa viwanda, wakakimbilia malishoni kwa kalamu: kondoo, filimbi, mtoto asiyejua ubaya wa dunia. Ukasema utatunga yako kwa Kiswahili, kwa sababu nchi hii majani yake yote ni ya kumwagilia na roho yako inataka yale yanayoota yenyewe. Nikakwambia, mimi niliyelelewa shule ya Jumapili, kwamba tungo hizo ni kanisa tupu. Kondoo ni Yesu, mchungaji ni Mungu, mtoto ni roho kabla haijachafuka. Ukanicheka. "Nyinyi kila kondoo mnamvisha joho. Mitume wote walichunga, na kondoo wao walikuwa kondoo."

Sawa, nikasema, lakini Mswahili akisikia mwanakondoo anaona msalaba, na mchungaji kwake ni yule bwana mwenye kola anayehubiri. Andika kondoo mchanga. Ukahesabu kwa vidole, ukasema mizani inazidi moja. Nikasema basi andika kikondoo. Ulinitazama kama nimemtukana mama yako. "Mizani, bwana, mizani!" Tukanuniana mpaka mudiri, bosi wetu, akapita na kigari chake, akauliza nani amekufa.

Basi leo ilibidi nipige mimi. Nilishika simu nikaiweka, nikaishika tena. Ningemwambia nini? Nimweleze mama aliyefiwa habari za mizani? Na nikikosea neno, atakaa maisha yake yote akiamini mwanawe alikufa nje ya dini yake, na kwamba mimi ndiye niliyemtoa.

Nikapiga. "Shikamoo, mama," ile shikamoo uliyonifundisha, maana sisi kule Kitale tunaimeza. "Marahaba, baba," akaitikia kwa sauti iliyokauka, na hotuba yangu yote ikapotea. Nikajikuta namsimulia unavyojikwaa kwenye viatu vyangu kila alfajiri ukienda kutawadha, unavyoniamsha halafu unaniambia nilale, si sala yangu. Nikamwambia nilivyokuwa natoka nje kula mchana wa Ramadhani, kwa kukuonea huruma. Nikamwambia waliokuosha ni vijana wa Tanga, Waislamu wenzako, na kwamba nilisimama kando ya kaburi mpaka udongo ukasawazishwa. Mwisho nikasema, mama, lile neno lilikuwa la mizani tu.

Akauliza, "Amesema mweupe?"

Mweupe, mama.

Hapo ndipo alipolia, na kilio hicho kilikuwa kingine. Akaniambia ulipokuwa mdogo kondoo wenu mmoja alikufa akizaa, akaacha mtoto mweupe. Ukamlea wewe jikoni kwa chupa, ukilala naye kwenye jamvi. Ulipotahiriwa wakamchinja kwa karamu yako. Ulimkumbatia shingo wakashindwa kukubandua, mpaka mjomba akakunyanyua kwa nguvu. Ukatoroka na kidonda chako, ukakimbilia kwa mzee aliyewachungia mifugo, ukakaa kwake mpaka karamu ikaisha. "Mimi nilikuwa nimesahau, baba. Kwetu ilikuwa nyama. Yeye hakusahau."

Mwaka mzima, Rashidi! Mwaka mzima unanipigia kelele za mizani, nami nakufundisha maana ya kondoo kama mtu anayejua kitu. Kumbe ulikuwa na wako mwenyewe, ana manyoya, ana joto, na alichinjwa kwa ajili yako. Ungeniambia tu. Ningefunga mdomo, wallahi, mimi ambaye siapi hivyo. Nimekasirika na nimelia, na bado sijui kipi kilitangulia.

Arobaini itasomwa Ijumaa. Mama ameomba wakimaliza khitima nipige simu, niwasomee utenzi wako wote, kwa sababu kuisikia sauti yako bado hawezi. Nikamwambia mama, mimi Mkristo, na Kiswahili changu ni cha bara. Akasema, "Wewe ndiye uliyekuwepo utenzi ukitungwa."

Nitausoma. Wajomba wakiguna, wagune. Sitabadilisha hata herufi.

Lala salama, rafiki yangu. Nakuahidi simu haitaishia kwenye arobaini. Nitakuwa nampigia kila Ijumaa. Tulipoagana leo aliniita mwanangu, na mimi nikaitika.

Wako,
Wafula