Nafasi ya Besi katika Wimbo wa Mwisho

Chumba cha nyuma,
Dukani kwa Baba.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo wewe na shemeji? Mgongo vipi, bado unakusumbua ukitoka zamu? Mkunga anayelalamikia mgongo mbele ya wanawake wanaojifungua hana aibu, lakini kwangu lalamika tu. Sisi huku wazima. Baba anauza rangi, Mama anamwambia anauza bei ya hasara, maisha yanakwenda.

Habari kubwa ni hii: bendi yetu, Vikombe Vichafu, tunaifunga. Usishtuke, hatujagombana. Tumerekodi albamu ya mwisho, inaitwa Imetosha, na ni kali kuliko zote. Sauti, mwimbaji wetu, ndiye aliyesema heri tushuke jukwaani watu wakiwa bado wanataka aimbe, kuliko kungoja waanze kutazama saa. Hakuna aliyembishia. Hilo peke yake ni ajabu, maana Pini unamjua, hubishana hata na gitaa lake.

Nikitazama nyuma naona tulifanya makubwa. Wasichana wanne katikati ya makopo ya rangi, godoro limeegemezwa mlangoni ili majirani wapumue, tunapiga muziki wa panki, wa haraka haraka wenye viitikio vitamu. Jina lenyewe tulipewa na Mama kwa sababu hakuna aliyeosha vikombe. Tumezunguka miji na gari la mikate. Yule tajiri wa studio alitaka tupunguze kelele na tuvae viatu vya visigino. Tulimwachia visigino vyake. Albamu zote tumetoa wenyewe, na mashabiki wapo.

Halafu lile kosa lako limekuwa mali ya umma. Mimi nagonga vijiti mara nne, watu wote duniani wanaanza baada ya nne, wewe na besi yako unaingia kwenye ya tatu kama mtu anayewahi kiti. Kwa kuwa tunarekodi wote pamoja chumba kimoja, bila kutia viraka, likaingia kwenye albamu ya kwanza na likabaki. Ulipohama, Mwalimu akashika besi, akapiga sawasawa kama hesabu anazofundisha shuleni. Mashabiki wakaruka kwenye ya tatu, wakatua kimya, wakatazamana. Nilicheka hadi kijiti kikaniponyoka. Ikabidi Mwalimu ajifunze kukosea, na maskini ilimchukua muda mrefu.

Sasa nifike kwenye shida yangu. Wimbo wa mwisho hauna besi. Sauti aliutunga akikufikiria wewe, unahusu mtu aliyeondoka bila kuagwa vizuri. Mwalimu alikataa kuupiga. Alisema, “Huu una mwenyewe. Mwiteni.” Basi tukarekodi watatu, tukakuachia nafasi.

Najua uliandika kwamba vidole vimekuwa vigumu, na kwamba hapo kazini hakuna anayejua kuwa uliwahi kushika gitaa. Hivyo vidole mimi sivisadiki. Vinapokea watoto wa watu kutwa nzima, vitashindwaje na nyuzi nne? Besi yako anaileta Mjomba, anasafiri kuja huko wiki hii. Nimeifunga kwa blanketi na nyuzi mpya nimetia mwenyewe. Wimbo nakutumia kwa simu. Jirekodi hata kwa simu hiyo hiyo, fundi mitambo wetu atajua la kufanya. Albamu inakwenda kiwandani mwisho wa mwezi.

Niseme wazi: nakutaka humo. Kukubembeleza sijazoea, na sitaanza uzeeni. Wiki iliyopita nilidhani usipopiga tutautoa wimbo. Jana tuliusikiliza tena, Pini akatoka nje kupangusa macho akisingizia harufu ya rangi. Aliporudi tukakubaliana kwamba wimbo unabaki. Ukipiga, watu watakusikia. Usipopiga, watasikia kwamba kuna mtu hayupo.

Baba anakusalimu sana, pamoja na Sauti, Pini na Mwalimu. Mama naye anakusalimu. Ameniambia nisikulazimishe, halafu akauliza tena Mjomba anaondoka lini. Msalimie shemeji. Mungu akutunze, na mikono yako aibariki.

Nikupendaye kwa kelele zangu zote,

Dada yako wa drams