Pipa la Nne

Tawa, Jumapili baada ya kanisa

Kwako Mwau, Baba Mumo,

Habari za huko Tseikuru? Simu yako haipatikani, basi barua hii nimempa dereva wa lori la mbuzi akuletee.

Watoto ni wazima. Ndengu tumevuna nyingi, na mama yako ametuambia tupange stoo upya. Tumepepeta mahindi yote, tukayachanganya na jivu ili dumuzi wasiingie. Unajua utaratibu wake: kila mke wa boma hili ana pipa lake, na hakuna anayechota la mwenzake. Wake wa ndugu zako wawili wana yao, mimi nina langu.

Sasa kuna pipa la nne. Mama alilinunua sokoni, akaliweka karibu na langu, akalijaza ndengu kwa mkono wake mwenyewe. Nilimuuliza ni la nani. Akasema, "Ni la nyumba ya Mwau." Nikamwambia nyumba ya Mwau ni mimi. Akainama, akaendelea kufunga kifuniko.

Nimefikiria mpaka kichwa kinauma. Labda amezeeka, anasahau. Lakini jina la kila mjukuu analikumbuka. Labda ni langu pia, na mimi ndiye nisiyeelewa.

Pipa hilo sijaligusa. Niambie kitu kimoja tu: huko kuna mtoto mdogo? Kama yuko, nitasaga unga wa uji nimwekee humo, kabla mama yake hajafika.

Ni mimi, wa pipa la tatu,
Mbinya