Majeruhi wa Tatu wa Njiapanda ya Gerber

Mtaa wa Gerber 14,
Osterbrück, Ujerumani.
9 Oktoba 2023

Mpendwa kaka Volkmar,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. U hali gani? Mgongo umepata nafuu? Baridi ya Kanada imeshaanza kuuma? Mimi mwili mzima, ila roho imechafuka, na leo usitarajie barua ya upole.

Wiebke ametoka hospitali. Kwenye simu nilikuficha mengi. Asubuhi ile ya ajali mwanangu alisimama kwenye taa nyekundu na baiskeli yake, ndani ya mstari wa baiskeli, kama tulivyomlea. Unatujua watu wa hapa: hata barabara iwe tupu, taa ikiwa nyekundu hatuvuki. Kushoto kwake lilisimama lori la mchanga. Taa ikawa kijani kwa wote wawili. Yeye akaenda moja kwa moja, lori likakata kulia. Magurudumu ya nyuma yakampanda mguu, yakausaga hadi juu ya goti. Nilifika kabla ya gari la wagonjwa. Alikuwa akipiga mayowe, halafu akanyamaza, na kule kunyamaza ndiko kulikonitisha zaidi. Mguu waliukata jioni ile ile.

Nimekwenda ofisi ya barabara mara nne. Nataka nguzo za chuma kati ya baiskeli na magari, na ziwekwe sasa, maana watoto wa shule wanapita hapo kila siku. Mkuu wa ofisi, Bwana Thewes, alifungua jalada akasema, "Bwana Harms, njiapanda huitwa ya hatari ikipata majeruhi mahututi watatu katika miaka mitatu. Hapo tunao wawili."

"Wa tatu unamtaka nani?" nikamuuliza. "Nikuletee mke wangu?" Nilipiga meza yake hadi kikombe kikaanguka. Walinzi wakanitoa nje.

Basi majirani tukaamua kuwa nguzo sisi wenyewe. Kila Alhamisi asubuhi tunasimama bega kwa bega juu ya mstari, watoto wanapita nyuma yetu. Alhamisi iliyopita bwana mmoja mwenye gari jeusi alishusha kioo: "Tokeni barabarani, wavivu nyie! Wenzenu tuna kazi!" Jirani yetu Bi Irmtraud, yule mwalimu mstaafu wa kuogelea, akamjibu, "Nenda kaoge maji baridi kwanza, baba, utulie!" Watu wakacheka. Yule bwana akakanyaga mafuta.

Gari likamgonga Bi Irmtraud, nyonga yake ikalia kama ukuni mkavu unaovunjika. Kaka, nilimvuta mtu yule kwa shingo kupitia dirisha, nikampiga, nikampiga tena, mpaka polisi wakanishika. Mkono umefungwa bendeji, ndiyo maana mwandiko unakwenda upogo. Kesi yangu itakuja. Sijutii, Mungu anisamehe.

Akiwa kwenye machela, Bi Irmtraud alinipigia kelele: "Eckhard! Kawaambie wa tatu amepatikana. Waniandike!"

Ijumaa nikampigia simu Thewes. Alinipa pole ndefu, kisha akasema, "Lakini huyo alikuwa kwa miguu, Bwana Harms. Hesabu hii ni ya wapanda baiskeli."

Tumeambiwa tangu utotoni kwamba subira huvuta heri. Hapa kwetu imevuta machela mbili. Nimechoka kusubiri, na mji huu nauchukia kama mtu anavyomchukia ndugu aliyemsaliti.

Alhamisi hii tunarudi, na safari hii kila mtu atakuwa juu ya baiskeli yake. Wakitugonga, watalazimika kutuhesabu.

Msalimie shemeji Annegret na mapacha. Mungu awalinde kila mnapotia mguu barabarani.

Wiebke naye anakusalimu. Jana nilimkuta uani, ameketi juu ya baiskeli ya magurudumu matatu ya marehemu mama, anajifunza kuizungusha kwa mguu uliobaki. Nikamwambia Alhamisi asitoke nyumbani. Akaniangalia, akasema, "Baba, mimi ni wa pili kwenye jalada lao. Bado nina mguu mmoja, naweza kuwa wa tatu pia."

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Eckhard