Nililifuta Jina la Mwalimu Tamimu

Shangazi Maimuna, shikamoo. Nakuandikia kwa sababu kila nikiwasha kompyuta yangu naona aibu, na hapa Kibiti sina wa kumwambia.

Mimi ni mzaliwa wa delta, kule mto unapoingia baharini, wazee wangu ni wakata mikoko, ila sasa nina kibanda cha kuchapa barua na fomu hapa mjini, na mwaka juzi nilimsikia redioni Mwalimu Tamimu, mstaafu wa Lindi, akieleza kwamba ametengeneza mwenyewe, kwa kujifurahisha tu, programu ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili, na anayeitaka amwandikie kwa posta, basi nikaandika, nikaomba na msimbo wake, yaani yale maandishi ya ndani yanayoiendesha, maana chuoni nilisoma kidogo mambo hayo. Baada ya wiki tatu bahasha ikafika, ndani mna flashi na barua ya mkono wake: “Binti yangu, wewe ndiye wa kwanza kuomba msimbo. Ongeza maneno ya kwenu, kisha unirudishie nami niyaone. Jina langu tu uliache.”

Shangazi, nilifanya kazi kweli, maana programu ilikuwa ikipigia mstari mwekundu mkandaa na msinzi kana kwamba miti ya kwetu ni makosa, nikakaa na mama nikaandika majina ya miti, samaki na mitego, maneno karibu mia nne, halafu sijui shetani gani alinipitia, nikalifuta jina la Mwalimu nikaweka langu. Nikawagawia nakala walimu wa shule ya Chumbi, wakaipenda, sasa wanaiita kwa jina langu, programu ya Subira, mmoja akaniuliza, “Nani alikufundisha?” nikajibu, “Nimejifunza mwenyewe.” Mwalimu akapiga simu: “Umeufungua ule msimbo?” Nikasema, “Bado, Mwalimu, kazi zimenizidi.” Akacheka, akasema hana haraka.

Juzi imekuja barua ya mkewe. Mwalimu haoni tena. Anaomba, kama nina maneno yoyote, niyatume asomewe. Nimelia sana. Je, niyatume ninyamaze, au niseme ukweli nimuumize mtu asiyeona?

Subira, Kibiti

Marahaba, Subira. Machozi yako nayaamini, lakini hilo swali lako la mwisho silipendi. Usijifiche nyuma ya macho ya Mwalimu. Anayeogopa kuumia ni wewe.

Maneno mia nne ni jasho lako na la mama yako, na ungeyaweka chini ya jina la Mwalimu ungesifiwa vilevile. Hilo ndilo linalonisikitisha. Mzee wa watu alikupa kazi yake yote, ukamdanganya hata kwenye simu!

Sasa sikiliza. Leo hii rudisha jina lake. Kesho nenda Chumbi, waambie walimu kwa mdomo wako mwenyewe, uwape nakala mpya. Kisha panda basi la Lindi. Usiandike barua, maana itabidi mkewe aisome kwa sauti, na mama huyo hana kosa. Kaa mbele ya Mwalimu, umweleze ulichofanya kabla hajaanza kukushukuru. Akikuruhusu, msomee maneno yote, moja moja, na akiuliza maana, mfafanulie.

Huenda akakusamehe. Huenda akakwambia uondoke. Ukiambiwa uondoke usibishane wala usilie pale. Mwachie mkewe orodha ya maneno, aga vizuri, urudi kwenu.