Umeme wa Wageni

Nyumbani, 4 Februari

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu za mama yako. Mimi mzima, ila goti la kushoto linaniamrisha kama mume. Kaka yako hajambo, mwezi huu anaingia mgodini zamu ya asubuhi. Mkewe naye hajambo, ingawa tumbo linafika kila mahali kabla yake. Wewe je, unakula? Usinijibu "nakula" tu. Niambie unakula nini.

Sasa keti vizuri. Umeme umekuja! Yule mkandarasi aliyepewa na serikali kazi ya kutujengea mtambo, yule tunayemwita Bwana Kesho kwa sababu hajui siku nyingine, safari hii kesho yake imefika. Kituo cha afya kinawaka. Mkunga alinishika mkono akanipeleka kuona taa kubwa ya chumba cha upasuaji. Nilisimama chini yake kama bibi harusi.

Na mimi sikuachwa. Bwana Kesho amenifungia mota kwenye mashine yangu ya kusaga. Sipigi tena hendeli, sinuki tena dizeli. Nabonyeza tu, unga unashuka. Anasema mwishoni mwa mwezi kamati ya bunge inayosimamia nishati na madini inakuja kukagua mtambo kabla serikali haijaupokea. Watapita kwangu wanione nikisaga, na baada ya hapo mota ni yangu.

La mwisho, na ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Unajua mkunga alisema mtoto wa wifi yako amelala kwa ubavu, kwa hiyo mama yake aende mapema hospitali kubwa akasubirie huko. Sasa hana haja ya kwenda. Umeme upo, na wameahidi kuleta daktari wa upasuaji. Mjukuu wangu atazaliwa hapa hapa, nikisikia kilio chake.

Simu bado hazishiki, eti mnara utaunganishwa baadaye. Barua hii inaletwa na dereva wa lori la mgodi. Mpe maji ya kunywa, ana mdomo lakini ana moyo mzuri.

Mimi mama yako


10 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba goti lako liwe na adabu. Mimi mzima, nakula wali na maharage, na Jumapili nakula matunda. Dereva nimempa maji, akanisimulia mji mzima.

Niliposoma mwanzo wa barua yako nilipiga vigelegele ofisini, watu wakageuka. Nilipofika katikati nikakaa chini nikaisoma upya.

Mama, unajua kazi yangu. Hakuna mtambo unaoruhusiwa kuuzia watu umeme kabla ofisi yetu haijaukagua na kuupa leseni. Mtambo wa huko kwetu hauna leseni. Hata kukaguliwa haujakaguliwa, maana mashine zenyewe bado ziko safarini, melini. Suala lenu liko kwa mwenzangu. Mimi nilimwambia mkuu wangu tangu mwanzo kwamba huko ndiko kwa mama yangu, wakaniweka kando, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini jana nilimwuliza mkuu naweza kukuambia nini. Akasema, "Mambo ya zabuni yana wakati wake. Uhai wa mtu hauna siri. Mwandikie."

Basi nauliza: kama mashine ziko baharini, taa zenu zinawashwa na nini?

Sijui jibu. Ila mwanga usiojulikana unatoka wapi haujulikani utakwisha lini. Nakuomba kwa magoti yote mawili, wifi aende hospitali kubwa sasa, kama mkunga alivyosema mwanzo. Hata kama nimekosea, tutakuwa tumepoteza safari tu.

Mwanao


Nyumbani, 15 Februari

Mwanangu,

Hatujambo.

Nimesoma barua yako mara mbili, chini ya taa. Taa ambayo wewe unasema haipo.

Kusoma ni kuzuri, lakini naona umesoma mpaka unaona giza mchana. Miaka yote tumeishi kwa kibatari, mgodi uko pale juu unameremeta usiku kucha kama harusi ya watu wengine, na sisi tunaulizana nani ana kiberiti. Leo tumepata, na anayetuambia tusifurahi ni mtoto wetu wenyewe! Nimwambie nini jirani? Kwamba binti yangu ameona wivu wa balbu?

Kaka yako naye amekasirika. Anasema mkewe si mzigo wa kupakiwa kwenye lori kwa sababu ya karatasi isiyopigwa muhuri.

Tuandikie habari zako. Za ofisi ziache ofisini.

Mama yako, hata nikikasirika


19 Februari

Mama,

Shikamoo. Nikemee utakavyo, nitapokea. Lakini nenda mwenyewe hadi kwenye mtambo. Usimwulize mtu, nenda uangalie. Ukikuta mashine zinazunguka, niandikie "mjinga wee" nami nitaitundika ukutani.

Mwanao


1 Machi

Mama, shikamoo. Kaka, hujambo?

Dereva alipita jana bila barua. Alisema ninyi wazima, akaondoka haraka, hakunitazama machoni. Leo ofisini nimesikia kamati imerudi kutoka huko, na mji uko gizani. Sijaambiwa zaidi, na mimi siruhusiwi kuuliza.

Sitaki kujua habari za mtambo. Wifi yuko wapi? Yeyote atakayeifungua barua hii, aandike neno moja tu.

Mwanao


Nyumbani, 5 Machi

Mwanangu, mwanangu, mwanangu,

Pumua kwanza. Wote wazima. Narudia: wote wazima, na tumeongezeka mmoja. Ni msichana, ana nywele tele, na hasira kama za upande wenu wa baba. Dereva sikumpa barua kwa sababu wakati ule mwenyewe nilikuwa sijui la kuandika. Sasa nakusimulia.

Barua yako ya pili ilinichoma. Nilijifanya sijali, lakini nilikuwa nikibonyeza ile mota nasikia sauti yako. Asubuhi moja nikajitwisha unga kidogo, nikaenda hadi kwenye mtambo kana kwamba nawapelekea walinzi. Wana ukuta wa bati mrefu kule. Nikazunguka nyuma. Nikaona lori, na juu ya lori jenereta limefunikwa turubai, linanguruma, vijana wawili wanalimiminia dizeli kutoka kwenye pipa. Waya zinatoka pale zinapanda nguzo zetu.

Nikamwuliza mlinzi, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, "Baba, wageni hawa wa turubai wanakaa sana?"

Akanijibu huku anapokea unga, "Mama, wamekodiwa. Kamati ikipanda gari, na wao wanawasha lori."

Nilirudi nyumbani goti hata silisikii. Kaka yako alibisha. Nikamwambia, "Siku nyingine zote ubishi ni wako, leo niazime mimi." Mkewe akasema, "Mimi ndiye ninayezaa. Nifungieni nguo." Kesho yake lori la mgodi likawachukua wote wawili hadi hospitali kubwa.

Sikumwambia mtu mwingine. Nakwambia kweli, niliona kazi yangu imekwisha. Mkwe yuko salama, mota nitapewa, ya serikali yana wenyewe. Nilikuwa na nia hiyo mpaka kamati ilipoingia mlangoni.

Mwenyekiti ni mama mtu mzima, amevaa viatu vya kutembelea, si vya kupigia picha. Nyuma yake Bwana Kesho anatikisa kichwa kama mjusi juani. Wanawake wamepanga foleni na magunia yao, wamevaa nguo za sikukuu. Kati yao nikawaona wawili wenye mimba. Wao nani amewaandikia barua?

"Habari ya kazi, mama?" akaniuliza Mwenyekiti.

"Njema, mheshimiwa."

"Umeme unakusaidia?"

"Sana. Kusaga kumekuwa kama kucheza."

"Basi tumshukuru mkandarasi."

"Mshukuruni leo hii hii," nikasema, "maana kesho anaondoka nao."

Watu wakacheka. Bwana Kesho akacheka kuliko wote. "Mama huyu mcheshi sana!" Mwenyekiti hakucheka.

"Anaondoka na nini, mama?"

"Na umeme. Uko juu ya lori, nyuma ya ukuta wa bati, umefunikwa turubai. Twende nikuonyeshe. Si mbali, hata goti langu linafika."

Tukaenda, kamati, magunia na wote. Getini wakasema ufunguo wa ukumbi wa mashine umepotea. Mwenyekiti akaomba kiti, akakaa pale pale juani. "Nitasubiri," akasema. "Nimekuja kuona mtambo, sikuja kuona kufuli." Jasho lilimtoka Bwana Kesho mpaka ufunguo ukapatikana, mfukoni mwake mwenyewe. Ndani, mwanangu, ukumbi mkubwa umepakwa rangi, sakafu inang'aa, na hamna hata spana. Bolti tu zimesimama sakafuni zikisubiri mashine. Mwenyekiti alitembea hadi katikati, akapiga makofi mara moja. Sauti ikamrudia. Akamgeukia Bwana Kesho: "Tukupokelee nini hapa? Mwangwi?"

Lori liliondoka jioni ile ile. Giza likarudi, na mimi nikawa adui wa mji. Jirani alipita mlangoni kwangu akasema, "Asante kwa giza." Mota walikuja kuifungua, wakaacha hata skrubu zimetapakaa. Siku mbili hakuna aliyeleta hata kibaba. Ndizo siku alizopita dereva. Naye alinichukia, maana alishanunua friji.

Siku ya tatu kaka yako akatokea barabarani anakimbia, mtu mzima yule, anakimbia na viatu mkononi. Uchungu ulimshika mkewe siku moja baada ya taa zetu kuzimika. Mtoto akawa bado kwa ubavu, wakampasua mama yake upesi, wakamtoa mtoto analia. Daktari alimwambia kaka yako, "Mngechelewa kidogo tungekuwa tunaongea mengine."

Mkunga aliposikia alikuja kwangu, akakaa juu ya gunia tupu. Halafu akasema, "Yule daktari waliyemwahidi hakufika kamwe. Taa imezimika. Mkweo angekuwa mikononi mwangu, ningemfanya nini?" Akalia, nami nikalia, tukapakazana unga. Alipotoka aliwaambia wanawake foleni nzima kisimani. Wale wawili wenye mimba wameshaondoka kwenda hospitali kubwa. Jioni jirani wa "asante kwa giza" akaleta gunia lake. Akasimama pale mlangoni, hajui aweke wapi macho. Nikamwambia, "Lete, ila hendeli utapiga wewe." Akaipiga.

Nimerudi kwenye dizeli, nanuka kama zamani, na sijapata kulala usingizi mtamu hivi.

Mjinga alikuwa mimi. Hiyo itundike ukutani.

Bibi wa mtu sasa, na mama yako


14 Machi

Mama yangu, bibi wa mtu,

Shikamoo mara elfu. Barua yako niliisomea ngazini, sikuweza kufika ofisini. Mfagiaji alinikuta nimekaa nalia, akadhani nimefiwa. Nikamwambia, "Nimezaliwa shangazi!" Akaniletea chai.

Mpe wifi pole na hongera. Mwambie yeye ndiye aliyeamua, sisi wengine tulibishana tu.

Sasa yaliyo wazi, yameshasomwa bungeni. Mkandarasi amenyang'anywa kazi na wachunguzi wanamhoji, pamoja na wakubwa wawili waliompitisha. Leseni ya mgodi wenu inaisha mwaka huu, na kamati ikauliza swali ambalo wewe umeliuliza maisha yako yote: kwa nini mgodi umeremete na mji uwe gizani? Imeonekana mgodi unazalisha umeme kuliko unaoutumia. Wizara ya madini imesema hautaongezewa muda mpaka ukubali kuuzia mji ile ziada, na ofisi yetu ikague waya zote kabla ya kutoa ruhusa. Wenzangu wanakuja. Mimi siji nao, nitakuja na likizo yangu, nimbebe mtoto.

Usimwahidi mtu siku. Tumechoka na kesho.

Shangazi wa mtu, mwanao


Nyumbani, 12 Septemba

Mwanangu,

Sisi wazima wote. Mtoto anakaa mwenyewe, akianguka anatutazama kama tuliomsukuma ni sisi. Tangu urudi kazini anaitafuta sauti yako chumbani.

Umeme wa mgodi umefika juzi, baada ya wenzako kupanda kila nguzo na kukataa mbili. Wafanyakazi wa mgodi walinung'unika, lakini wakazing'oa wakasimika nyingine. Mota nimenunua yangu mwenyewe, haina shukrani ya mtu. Kituo cha afya kimepata daktari, tena wa kweli, nimemshika mkono. Simu nazo zimeanza kushika, ila nimeona nikuandikie, kwa sababu kwenye simu unanikatiza.

Jana mchana nikiwa katikati ya gunia la jirani, umeme ukakatika. Mashine ikanyamaza, mtaa mzima ukanyamaza. Watu wakatoka milangoni, mmoja mmoja, wakanitazama mimi. Mimi! Moyo ukanishuka hadi kwenye lile goti. Nikaifuata barabara ya mgodi kuangalia kama kuna lori linaondoka.

Nikamkuta fundi yuko juu ya nguzo, anaondoa tawi la mti lililoangukia waya. "Samahani, mama!" akapiga kelele kutoka huko juu. "Dakika chache tu!"

Nikakaa chini kando ya barabara, nikacheka mpaka fundi akauliza kama naumwa. Ule wa wageni, mwanangu, haukukatika hata mara moja.

Kabla sijafika nyumbani nikaisikia mashine yangu inanguruma. Nilisahau kuizima, na unga umejaa nyumba nzima.

Mama yako