Maji ya Bunia Inachemka kwa 96

Mardi (Jumanne)

Kosa haikuwa ya termometre. Ilikuwa yangu, na rapport imeshafika kwa profesa.

Ku labo, maji yangu ilichemka kwa degré 96. Logiciel, ile programu tunajengea usine, kiwanda nzima, mu ordinateur bila matofali, ilisema 100. Nikaamini ordinateur. Nikatukana termometre, nikakata 96, nikaandika 100.

Leo mama alikuwa anapika maharagi. Akasema: "Hapa inaiva mbio. Kule Butembo, ku milima, ilikuwa inachelewa mpaka watoto wanalala."

Nikaacha kuosha sahani. Milima! Kwenye nchi ya juu hewa iko nyepesi, maji inachemka mbele ya kufika 100. Na Bunia pia iko juu. Nikafungua logiciel: pression, uzito wa hewa, niliacha ile ya kando ya bahari, vile logiciel inakujaka nayo. Nikaweka ya kwetu. Ikatoa 96.

Kesho natetea kazi yangu ya mwisho wa masomo mbele ya maprofesa. Hakuna mutu ataona. Profesa wangu hata alinisifu vile namba zinapatana. Kama nikisema, na wakinirudisha nyuma mwaka muzima...

Mu kahier, daftari yangu ya labo, 96 nilikata na mustari moja tu. Bado inasomeka.

Nimeiweka mu sakoshi ya kesho, juu ya kopi yangu ya rapport; nitaifungua ya kwanza.