Aliyeketi Kiti cha Nyuma

Jumanne, 6 Agosti 2024. Kagongwa

Leo nimepata habari kwamba nimekufa.

Kaniletea Luka, mchimbaji wa Masumbwe, yule ambaye karasha lake la kusagia mawe nalitengeneza kila likigoma. Kapiga simu saa nne asubuhi, mimi niko chini ya mashine ya kukoboa mpunga, mikono grisi tupu. Mzee Mihayo, uko wapi? Niko kazini, nitakuwa wapi tena! Kisha akasema ametuma picha, niitazame nikiwa nimekaa.

Nikakaa. Kibati cha shaba, kimeota ukijani. E. MIHAYO. Herufi nilizigonga mwenyewe kwa nyundo na patasi, ile H imeinama. Nilikishona kifuani kwenye ovaroli langu mwaka 1982, tukiwa mafundi wa ndege jeshini. Wenzangu walinicheka, eti najifanya afisa.

Luka na wenzake wanasafisha pori mlimani, kuna rashi, watu wanakimbilia dhahabu mpya. Sululu imegonga bati la ndege. Ndani mifupa ya watu wawili. Aliyeketi nyuma ndiye mwenye kibati.

Mke wangu kaitazama picha, kacheka. Baba Enock, marehemu gani huyu anakunywa chai vikombe viwili! Nikacheka naye. Kikombe cha pili sikukimaliza.

Jumatano, 7 Agosti

Habari imefika mashineni kabla yangu. Mama mmoja aliyeleta mpunga kanigusa mkono kwa kidole kimoja, aone kama una joto. Vijana pembeni wanasema mimi ni msukule — Mihayo wa kweli alikufa zamani, huyu anayekoboa mpunga katumwa tu. Ilitakiwa nikasirike. Nimeona aibu.

Niandike basi. Daftari hili halisomwi na mtu.

Zile ndege zilikuwa za mafunzo, kuukuu hata wakati ule. Viti viwili, kimoja mbele kimoja nyuma. Injini ya silinda tisa zilizojipanga duara. Asubuhi lazima uizungushe propela kwa mkono, polepole, oili iliyolala kwenye silinda za chini itoke. Ukikosa subira unaivunja injini. Halafu rubani anafungulia hewa — psssss! — inakohoa, moshi mweupe, inanguruma. Ile harufu! Niliipenda kazi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya.

Na tulikuwa na desturi. Fundi aliyesaini ndege imepona, yeye ndiye anapanda kiti cha nyuma siku ya kuijaribu. Usipopanda, saini yako haina maana. Nilipanda mara thelathini na kitu. Chini mbuga imekauka, ng'ombe wadogo kama punje za mtama, rubani anaipindua tumbo juu, mimi nacheka huku namwomba Mungu.

Juni 1983. Nilibadilisha bomba la oili, nikasaini. Propela imeshaanza kuzunguka ndipo ikanijia: ile nati ya bomba, nimeifunga waya isilegee, au sijaifunga? Sikukumbuka! Kufungua kifuniko ni dakika kumi. Lakini luteni keshakaa mbele, ananifokea. Nikasema tumbo linaniuma. Rafiki yangu Theonest akasema nipe hilo ovaroli, langu liko kambani halijakauka, nitapanda mimi.

Akapanda. Kanipungia mkono, jina langu kifuani. Ndege haikurudi.

Alhamisi, 8 Agosti. Nanenane

Watu wote kwenye maonyesho. Mimi nimepanda basi hadi Masumbwe, Luka akanipakia bodaboda mpaka mlimani.

Mwangaluka, mzee, wale wachimbaji wakanisalimu, lakini hakuna aliyenipa mkono. Mifupa imeshachukuliwa. Limebaki bati, na injini imezama nusu kwenye udongo. Pale pamepoa. Jua la saa sita, jasho linawatoka wenzangu, mimi nasikia baridi miguuni.

Luka kanivuta pembeni. Wiki moja kabla ya kugonga bati, mchana kweupe, kaja mtu kambini kwao kwa miguu. Ovaroli la kijivu, kitu kinang'aa kifuani. Kaomba waya mwembamba. Wakamkatia kipande. Akashukuru vizuri sana, akashuka bondeni. Walidhani fundi wa karasha la jirani.

Habari ya waya sijawahi kumwambia mtu. Wala mke wangu, wala padri.

Nikapiga magoti. Nikafukua kwa vidole upande wa kulia wa injini, mikono inajua njia yenyewe. Nati ipo, imeliwa na kutu.

Imefungwa waya. Mpya! Unang'aa. Kila kitu pale kimeoza miaka arobaini na moja, waya unang'aa. Na umesokotwa kwa kushoto. Mimi natumia mkono wa kulia. Theonest alikuwa mshoto.

Nimerudisha udongo. Nilimwambia Luka sijaona kitu.

Jumamosi, 10 Agosti

Simu kutoka wilayani. Jumatatu wanakuja watu wa jeshi, nijiandae kueleza jina langu lilifikaje pale.

Mwaka ule waliniuliza pia. Kwa nini hukupanda? Nikasema luteni hakutaka kungoja, kaondoka peke yake. Na Theonest? Sijamwona tangu asubuhi. Maneno matatu tu! Wakamwandika mtoro. Wakaenda hapo Masumbwe kwa mkewe Justa, wakapekua nyumba hadi ghala la mtama. Alikuwa na mimba ya Rhoda. Yule mtoto kakua anaitwa binti wa mtoro, shuleni na kisimani.

Kila Krismasi nampelekea Justa gunia la mchele. Ananiambia shemeji, una moyo wewe. Najichukia kila anaposema hivyo.

Jumapili, 11 Agosti

Wamekuja. Justa na Rhoda, wametoka misa ya kwanza wakapanda basi moja kwa moja. Wameleta jogoo.

Nilijiandaa kwa kilio. Justa ana furaha! Kanishika mikono yote miwili. Shemeji, si kibati chako kile? Basi si yeye! Yule wa nyuma ni mtu mwingine, mume wangu hakuwemo. Nilijua mimi! Yuko Zambia huko au Kongo, kazeeka, anaona haya kurudi. Anataka kutoa tangazo redioni, kwamba jeshi sasa halimtafuti, arudi tu nyumbani.



Kisha kauliza kwa upole: sasa shemeji, huyo marehemu aliyevaa ovaroli lako ni nani? Naye ana watu wake wanaomngoja. Niambie, tukawape pole.

Nikasema ngoja nitafute miwani. Nimeingia chumbani, nimeketi kitandani, naandika. Miwani ninayo usoni.

Nawasikia sebuleni. Justa anamwambia mke wangu kwamba Theonest akirudi hatamtambua binti yake, anamjua akiwa tumboni tu. Wanacheka wawili. Rhoda simsikii. Tangu wafike hajacheka. Kakaa kwenye kigoda ananitazama kwa macho ya baba yake.

Nikisema, namuua mume wa Justa leo, mbele ya jogoo aliyeniletea. Nisiposema, Jumatatu anabaki mtoro, na mifupa yake inazikwa haina mwenyewe. Naogopa. Naogopa kuliko siku ile.

Mlango umegongwa. Ni Rhoda, anasema kwa sauti ya chini mama yake asisikie. Baba mdogo, mama akikutazama anaona gunia la mchele. Mimi nimeona uso wako. Toka umwambie wewe. Usipotoka, namwambia mimi.

Hajaondoka. Naviona vidole vyake vya miguu chini ya mlango.